Birika la Robo ya Nne

Mwaka wa serikali hauanzi Januari, unaanza Julai. Jambo hilo watu wa Chalengwe niliwafundisha mimi, na kama ningejua litatufikisha wapi ningewaacha na kalenda zao za bure za duka la pembejeo. Naitwa Tumwagile, mtendaji wa kijiji. Kwetu ni Rungwe. Huku Kilosa nililetwa na barua ya uhamisho miaka tisa iliyopita, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kugonga mihuri, kusuluhisha ugomvi wa mipaka na kupandisha sauti. Watu husema nina mdomo. Ni kweli ninao, na mwaka ule niliutumia vibaya.

Niliuchora mwaka ubaoni kwa chaki, nikaukata vipande vinne. Julai mpaka Septemba, robo ya kwanza. Oktoba mpaka Desemba, robo ya pili. Januari mpaka Machi, ya tatu. Aprili mpaka Juni, ya nne. Nikawaambia kila kitu ambacho halmashauri itakifanya lazima kiwe na robo yake, na kisicho na robo hakipo. Walilipenda somo hilo kuliko nilivyotarajia. Mudi alipoulizwa lini anamwoza bintiye, alijibu, "Robo ya kwanza, fedha zikishuka." Mkutano mzima ulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Huyo Mudi ni mwenyeji wa bonde, mkulima wa nyanya na bamia, mtu wa swala tano na maneno mia tano. Upande wa pili alikuwapo mzee Luhaga, Msukuma aliyeingia kijijini na ng'ombe wake kabla sijafika, akajenga kilimani na ndugu zake, kaya ishirini na tatu kwa jumla. Kati ya bonde na kilima kulikuwa na chuki ile ya kawaida ya wakulima na wafugaji, inayolala masika na kuamka kiangazi. Lakini Mudi na Luhaga walikuwa watani. Ulianza kama utani wa makabila, wa tangu enzi za misafara, wao wakaupalilia mpaka ukawa urafiki wa kweli. Walitukanana sokoni, walitukanana msibani, na mara nyingi niliwafukuza ofisini kwangu kwa kelele. Na kila pande mbili zilipotaka kushikana mashati, hao wawili ndio waliosimama katikati na kutupiana maneno mpaka watu wakacheka na kwenda zao. Kusema kweli, amani ya Chalengwe haikulindwa na mimi wala na mgambo. Ililindwa na matusi ya watu wawili.

Tatizo letu lilikuwa njia ya ng'ombe. Upana wake hatua arobaini, urefu kilomita moja na nusu, kutoka kilimani mpaka mtoni, ikikata mashamba katikati. Kilimani hakuna maji kuanzia Agosti, kwa hiyo kila siku ya kiangazi ng'ombe zaidi ya mia sita walishuka kunywa, na ng'ombe hajui hatua arobaini. Hujipanua. Hula kushoto, hula kulia, na jioni mimi nina kesi nne ofisini. Dawa yake kila mtu aliijua: kisima kirefu na birika la kunyweshea mifugo huko huko kilimani. Likiwapo birika, ng'ombe hawana sababu ya kushuka. Wasiposhuka, hakuna wa kumnolea mwenzake panga.

Novemba ile ilitufikia fomu ya vipaumbele. Utaratibu ni huu: kila kijiji hukaa mkutano mkuu na kuchagua mambo matatu, hayo hupanda kwenye kata, kata huyachuja na kuyapeleka halmashauri, halmashauri nayo huyachuja tena mpaka Baraza la Madiwani liyapitishe. Kila hatua kuna chujio, na kila chujio lina mwenyewe.

Bonde walitaka darasa. Kilima walitaka birika. Nikasimama, nikawaambia darasa litasubiri, damu haisubiri. Nilisema kwa hasira, maana siku mbili kabla nilikuwa nimeshona kwa mkono wangu kichwa cha mtu kwa kukosa nauli ya kumpeleka hospitali. Kisha Mudi akanyanyuka.

"Mtendaji, mimi sina shida na birika," alisema. "Shida yangu ni huyu Msukuma. Ukimpa birika leo, kesho atadai ng'ombe wake wajengewe choo."

Luhaga hakusimama hata. "Choo chao ndicho kinachokupa nyanya, mtani. Bila wao ungekuwa unalima mawe."

"Wewe hata ukifa ukaenda peponi utauliza malisho yako wapi."

"Nitauliza. Na nitakukuta wewe mlangoni umezuia, unasema hapa nimepanda bamia."

Mkutano ulivunjika mbavu. Na katikati ya kicheko hicho Luhaga akasimama, akavua kofia yake ya pama, akasema maneno ambayo niliyaandika kwenye muhtasari kama alivyoyasema: "Birika likija, njia sina kazi nayo. Iwe shamba. Limeni." Mikono ikanyooshwa bonde na kilima. Birika likawa kipaumbele namba moja cha Chalengwe. Nilitoka pale nikijiona nimesomea kazi yangu.

Kata ilitupitisha. Mwezi Februari tukaitwa baadhi ya watendaji kwenye kikao kazi cha kupanga ratiba, siku tatu, Mikumi, kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni kando ya barabara kuu. Malori ya Zambia yalikuwa yakipita nje mpaka maji yanatikisika kwenye chupa. Mbele aliketi Emanueli, afisa mipango, kijana mpole mwenye macho mekundu ya kutazama kompyuta, na ukutani alimulika kwa projekta jedwali la vipaumbele vyote vya vijiji vyote. Vilikuwa mia nne na ushee. Kisha akatutajia ukomo wa bajeti, yaani kiasi ambacho halmashauri haikubaliwi kukivuka, na tukaanza kufuta. Kila alipofuta mstari, kulikuwa na mtendaji mmoja ukumbini aliyeinamisha kichwa. Nilikaa na makalio nusu kwenye kiti siku nzima.

Jioni tulichanga mafuta wenzangu wawili na mimi, tukapanda gari la rafiki yao kwenda kutazama wanyama, maana barabara kuu hapo inakatiza ndani ya hifadhi na mtu hahitaji hata kushuka. Tuliona nyati kwenye bwawa, wametulia majini mpaka tumboni. Wenzangu walipiga picha. Mimi niliona wivu, na siuonei haya. Nyati wale hawakunyoosha mkono kwenye mkutano wowote, wala hapakuwa na mtu aliyewapangia robo.

Siku ya tatu mstari wetu ulikuwa bado haujafutwa. Emanueli alinigeukia. "Chalengwe, nikuwekee robo gani?"

"Ya kwanza kisima, ya pili mwanzoni birika," nilisema. "Tena mwanzoni kweli kweli. Oktoba ikiisha bila birika, ng'ombe wataendelea kushuka."

"Robo ya kwanza fedha huwa zinachelewa kushuka, dada."

"Basi wewe zishushe."

Alicheka, akabonyeza. Kisanduku cha mstari wetu kikageuka kijani. "Septemba kisima, Oktoba birika. Umeridhika?"

Niliridhika. Nilipiga picha ukuta kwa simu yangu, ile rangi ya kijani, nikamtumia Mudi usiku ule ule. Alinijibu kwamba ng'ombe wa Msukuma sasa wana tarehe kama bibi harusi.

Baraza lilipitisha. Julai ikaja, na mimi nikabandika ratiba kwenye mlango wa ofisi, nikaizungushia kalamu nyekundu mahali petu. Watu walikuwa wakija kuisoma hata wasio na shida ya kuja. Vijana wa kilimani walisomba mawe na mchanga kwa mikokoteni ya maksai mpaka rundo likazidi kimo cha mtu, maana tulikuwa tumeahidi nguvu za wananchi. Agosti katikati wakaja wapima maji na vyombo vyao. Walizunguka siku mbili, wakapaka jiwe rangi nyeupe pale pa kuchimba, wakaondoka. Jiwe lile lilituponza. Karatasi watu wangeweza kuitilia shaka, lakini jiwe lenye rangi ya serikali nani angelibishia?

Wiki hiyo Mudi alinijia ofisini. Hakuwa na utani siku hiyo.

"Shikamoo, kaka Mudi," nilimwamkia.

"Marahaba. Mtendaji, nimekuja na swali la wenzangu. Ardhi ya njiani ina unyevu sasa hivi, tukipanda wiki hii nyanya zitaiva Novemba. Tukisubiri birika lijengwe kwanza, msimu umetupita. Tulime au tusilime?"

Hapa ndipo ninapojichukia. Ningeweza kumwambia asubiri. Miaka yote hii serikalini najua "fedha hazijashuka" kuliko ninavyojua Sala ya Bwana. Lakini nilikuwa nimeitangaza ratiba ile kwa mdomo wangu, na nilitaka iwe kweli. Nilinyoosha kidole mlangoni.

"Si hiyo hapo? Septemba kisima, Oktoba birika. Limeni."

Wakagawana njia kwa kura, watu kumi na wawili. Luhaga aliposikia hakukasirika hata kidogo. Alishuka na maksai wake wawili, akafunga plau, akamlimia Mudi tuta la kwanza, huku Mudi akitembea nyuma akimwambia kazi hiyo ndiyo saizi yake, ya uongozi angeacha kwa wenye akili. Kesho yake ng'ombe wakazungushwa njia ya mbali ya kwenda mtoni, ya kupita mpakani na kata jirani, mwendo wa saa tatu kwenda, saa tatu kurudi. Luhaga alisema haidhuru, ni wiki chache tu. Hesabu ya robo niliyomfundisha aliiamini kuliko mimi.

Septemba iliisha. Nilimpigia Emanueli kila Jumatatu, na kila Jumatatu fedha hazijashuka. Kwenye ile njia ya mbali ndama walianza kubaki nyuma. Mmoja alikufa, kisha watatu, kisha ikawa hatuulizani tena idadi. Tarehe tisa Oktoba nilipanda pikipiki mpaka Kilosa mjini, nikaingia ofisini kwa Emanueli bila hodi.

Alinikaribisha kiti. Alikuwa na lile lile jedwali mbele yake, nikautafuta mstari wetu. Robo ya pili palikuwa peupe. Kijani kilikuwa kimehamia kulia, robo ya nne.

"Umefuta," nilisema.

"Sijafuta, dada. Umesogezwa." Aliongea taratibu kama daktari. Makusanyo ya ndani yalikuwa yamepungua. Wanafunzi wa kidato cha kwanza waliotarajiwa Januari walikuwa wengi kuliko madarasa. Kikao kimeamua kila mradi ambao haujaanza usogezwe, madarasa yatangulie. "Na kwenye mfumo, mradi wenu ulikuwa haujaanza."

"Jiwe limepakwa rangi!"

"Rangi si kuanza."

"Emanueli, watu wameshalima njia. Ng'ombe mia sita hawana pa kupita. Hao nao nitawasogeza robo ya nne? Niwaambie wasinywe mpaka Aprili?"

Alivua miwani, akajifuta macho. "Nilikuwa peke yangu nikiutetea kwenye kikao," alisema. "Waliniuliza wanafunzi au ng'ombe. Wewe ungejibu nini?"

Nilikuwa nimekuja kumtafuta mtu wa kumkasirikia, nikamkuta mtu mchovu aliyefungwa mikono kama mimi. Nilimtukana hata hivyo. Baadaye nilimwomba radhi kwa ujumbe wa simu.

Nilirudi Chalengwe nikawaita wawili wale, nikawaambia yote bila kuficha, na kwamba kosa la kusema "limeni" ni langu. Luhaga akamgeukia Mudi.

"Mtani, nifungulie hatua kumi tu. Nitawapitisha mmoja mmoja kama watoto wa shule."

Mudi alikubali pale pale. Upande wake alikuwa tayari kung'oa matuta manne yenye maua. Lakini alikuwa mmoja kati ya kumi na wawili. Wengine kumi na mmoja, nilipowaita, walinisomea ratiba yangu. "Wewe ulisema Oktoba birika," waliniambia. "Bonde tumetimiza, kilima watimize." Katarina, mjane aliyekuwa amepata kipande cha chini kabisa karibu na mto, aliniuliza kwa upole kama nimeshawahi kung'oa mnyanya wenye matunda kwa mkono wangu. Nilikaa chini. Njia haina maana kama inafunguliwa juu na kuzibwa chini.

Luhaga akaendelea na njia ya mbali. Aliwakataza vijana wake wasishuke bondeni hata kwa kiu. Walimtii wiki mbili na nusu.

Ilikuwa Jumanne, mchana, jua la kukausha mate. Seni, mwanawe mkubwa wa Luhaga, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, alikuwa na ng'ombe tisini waliokuwa hawajanywa tangu jana yake asubuhi. Upepo uligeuka ukaleta harufu ya mto. Aliniambia baadaye, akiwa nyuma ya nondo, kwamba hakuwaelekeza bondeni. Aliacha tu kuwazuia. Naamini hivyo. Mtu anaweza kuchoka kuzuia.

Walipita kwenye nyanya zote, tuta la kwanza hadi la mwisho, wakamaliza na za Katarina. Mudi alikuwa shambani. Wengine walikimbilia mapanga. Yeye alikimbia mbele ya ng'ombe, mikono juu, akipiga kelele za kuwageuza, maana aliona wenzake wanakuja na alijua kitakachofuata. Ndiyo, aliwakimbilia ili awaokoe. Seni kwa mbali aliona mtu amenyanyua mikono mbele ya ng'ombe wa baba yake, na nyuma ya mtu huyo mapanga. Akafika na fimbo. Alimpiga mara mbili, ya kwanza begani, ya pili kwenye kiwiko cha mkono wa kulia. Wenye mapanga nao walifika, wakakata mishipa ya miguu ya nyuma ya majike saba.

Nilifika na mgambo watatu wakati vumbi limeshatulia. Mudi alikuwa amekaa chini kwenye nyanya zilizopondeka, amekumbatia mkono wake. Luhaga naye alikuwa ameshashuka kutoka kilimani, akiwachinja wale saba mmoja mmoja, maana hawawezi kusimama tena. Walikuwa umbali wa hatua ishirini hivi. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Kiwiko cha Mudi kiliungwa hospitali, kikaungana vibaya. Mkono haukunjuki wala hauinuki. Vidole viwili ndivyo vyenye nguvu. Seni alihukumiwa, akapewa miezi saba. Na mwezi huo huo wa Novemba, kwa sababu kalenda ya mipango haijui msiba, ikaja fomu mpya. Taja vipaumbele vitatu vya kijiji kwa mwaka ujao wa fedha. Niliitisha mkutano mkuu. Walikuja watu kumi na mmoja, wote wa bonde, wakakaa mbalimbali.

"Andika unachotaka, Mtendaji," mmoja alisema. "Sisi tutanyoosha mikono."

Nikaandika darasa, nikaandika zahanati, nikaandika barabara. Wakanyoosha mikono. Ilichukua dakika saba.

Kilimani walianza kuondoka Januari. Hawakugombana na mtu wala kuaga. Unaamka asubuhi unaona uzio umebomolewa na nyumba iko wazi. Walielekea kusini, Lindi, wengine walitaja mbali zaidi. Kufikia Aprili zilibaki kaya nne, na ya Luhaga ilibaki kwa sababu moja tu: mwanawe alikuwa gerezani na hakutaka atoke asikute mtu.

Mwisho wa Mei yalikuja malori mawili. Robo ya nne ilikuwa inaisha, na fedha isiyotumika hadi tarehe thelathini Juni hurudi ilikotoka. Basi walifanya kazi Jumapili, walifanya kazi mvuani, walifanya kazi na taa. Walichimba pale pale kwenye rangi nyeupe, maji yakatoka, tena matamu. Walitumia mawe na mchanga wa vijana ambao hawakuwapo tena. Birika lilikuwa refu, laini, lenye mabomba matatu. Sijawahi kuona mradi uliojengwa vizuri namna ile. Nililizunguka mara mbili, nikitafuta ufa nipate cha kulalamikia. Sikuona.

Emanueli alinipigia tarehe ishirini na tano Juni. "Dada, nahitaji fomu ya kukamilika kwa mradi kabla mwaka haujafungwa. Isainiwe na wanufaika wawili, mkulima mmoja na mfugaji mmoja. Wale wale waliosaini muhtasari wa mwanzo, ndivyo mfumo unavyotaka."

"Unajua unachoniomba?"

"Najua. Tusipofunga, mwakani hatupewi hata senti ya mifugo. Nisaidie."

Nikawaita asubuhi moja, kila mmoja saa yake, ili wasikutane. Luhaga alipangiwa saa tatu, Mudi saa nne na nusu. Lakini Luhaga alikuwa na lake pia: Seni alikuwa ametoka juzi, na alitaka barua ya kuhama. Kuandika barua ile kulinichukua muda. Majina ya watoto, idadi ya mifugo, huko wanakokwenda.

"Baba Luhaga, birika limekwisha," nilimwambia. "Maji yapo. Ng'ombe wako waliobaki wangekunywa kilimani mwaka mzima."

"Nimeliona, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Ni zuri."

"Basi baki."

"Nibaki na nani?" Hakuuliza kwa uchungu. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

Akasaini fomu. Palipoandikwa idadi ya mifugo itakayonufaika niliandika mia sita na arobaini, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kwenye muhtasari na mfumo haukubali nyingine. Kiwango cha utekelezaji, asilimia mia moja. Nilikuwa nagonga muhuri kwenye barua yake wakati Mudi alipoingia, saa nzima kabla ya zamu yake.

Aliona nani amekaa, akasita. Nilidhani atarudi nje. Aliingia, akaja mpaka mezani, akachukua wino na kuweka dole gumba la mkono wa kushoto kwenye fomu, maana wa kulia haushiki kalamu tena. Alijifuta kwenye kanzu. Kisha akamgeukia Luhaga, akainamisha kichwa kama kijana mwenye adabu mbele ya mzee wa watu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba."

"Nimesikia mnasafiri. Mungu awatangulie."

"Amina."

Mudi akatoka. Nilimsikia akivaa makubazi yake nje, akaenda.

Mimi nilikuwa bado nimeshika muhuri. Miaka yote ile Mudi hakuwahi kumwamkia Luhaga hata mara moja, ijapokuwa Luhaga alimzidi umri kwa mbali; alimwanza kwa tusi na mwenzake alimpokea kwa tusi. Mtani akihama, mtani mwenzake humzuia njiani, humdai jike la kumwachia, humwita mwizi anayekimbia usiku. Nilikuwa nimekaa nikisubiri hata neno moja la hovyo. Ningelipokea kwa mikono miwili.

Luhaga aliitazama barua yake bila kuisoma. Akaivua kofia, akaivaa tena.

"Umesikia, mayu?" aliniuliza. "Ameniamkia."

Akalia, mzee mzima, mbele ya mwanamke wa umri wa binti yake, na hakufunika uso. Nikafunga mlango wa ofisi, nikakaa kwenye benchi kando yake, nikalia naye.